Nilivyopata joto la mwamba wa Usambara bila kutafuta wastani

Mtu akikwambia "pima chembe nyingi za rutaili (madini ya titani na oksijeni), tafuta wastani, umemaliza", mshukuru kisha endelea na kazi yako. Nilipewa ushauri huo na zaidi ya mtu mmoja, tena watu wenye vyeo. Ningewasikiliza, ningeandika kwamba granulaiti yangu, mwamba uliobadilishwa na joto kali chini ya ardhi, iliiva kwa nyuzi 760 za Selsiasi. Ingebaki mbichi kwenye karatasi mpaka leo.

Niliichukua ukingoni mwa barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kabla ya kufika Soni. Ina kwatzi, felispa, ganeti nyekundu, biotaiti (mika nyeusi) na vichembe vya rutaili vyenye rangi ya kahawia. Kijana wa bodaboda alisimama kuniuliza, "Kaka, hizo ganeti unauza?" Zilivyopasukapasuka, hata hereni hazitengenezi.

Njia ya wazee, ya kuangalia ganeti na biotaiti zilivyogawana chuma na magnesi, ilinipa 650 hivi. Sikushangaa. Madini hayo yakigusana huendelea kubadilishana wakati mwamba unapoa, na milima hii ilipoa polepole mno baada ya joto lake kubwa la miaka takriban milioni 640 iliyopita.

Ndipo nikageukia elementi ya zirkoniamu ndani ya rutaili. Joto likizidi, rutaili hupokea zirkoniamu zaidi, mradi kwatzi na zirkoni (madini ya zirkoniamu na silikoni) ziwepo jirani. Fomula ya Watson na wenzake ya 2006 unaipiga hata kwenye simu: 7.36 toa logi (ya msingi wa kumi) ya zirkoniamu kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni, gawanya 4470 kwa jibu hilo, kisha toa 273.

Kipande chembamba cha mwamba kikaingia kwenye maikroprobu ya elektroni, mashine inayopima kemia ya nukta ndogo kwa mwale wa elektroni, nchi za watu. Gharama tusizitaje, nilikula mihogo muda mrefu.

Majibu ya kwanza yalikuwa vurugu tupu. Nukta moja ppm 400, ya pembeni yake 3,000, nyingine maelfu yasiyoaminika. "Futa hizo za ajabu," nikaambiwa. Nikakataa, nikaomba picha ya chembe ileile kwa ukuzaji mkubwa. Loo! Ndani ya rutaili kulikuwa na visindano vyeupe, vyembamba kuliko unywele, vimepangana kwa mistari. Ni zirkoni iliyojitenga mwamba ulipokuwa unapoa. Nukta ikiangukia kati ya visindano, zirkoniamu inaonekana kidogo. Ikigonga kisindano, inaruka juu.

Hapo nikafanya mambo mawili ambayo bado najivunia. Kwenye chembe safi nilipima silikoni sambamba na zirkoniamu: rutaili haina silikoni ya maana, kwa hiyo ikipanda, nukta hiyo imegonga zirkoni, itupe. Kwenye chembe zenye visindano nilifanya kinyume. Nilitanua mwale umeze visindano na rutaili kwa pamoja, ili zirkoniamu iliyotoroka irudi kwenye hesabu.

Chembe zikajitenga zenyewe. Rutaili zilizofungiwa ndani ya ganeti, pamoja na zile za visindano, zilitoa kati ya 1,900 na 2,200 ppm, yaani nyuzi 820 hadi 840. Za nje, zilizokaa wazi katikati ya felispa, zilikuwa na 500 hadi 700 tu, yaani nyuzi 686 hadi 717. Hizo zilipoteza zirkoniamu njiani. Sasa wastani wa makundi hayo mawili unapima nini? Nilitumia pia fomula ya Tomkins na wenzake ya 2007, inayoingiza shinikizo. Kwa kilobari 10 jibu halikusogea sana. Tafiti za zamani za Pare na Usambara zilishataja takriban 810, kwa hiyo nilitembea kifua mbele.

Lakini angalia kwatzi kwanza. Mwenzangu mmoja alipima rutaili ya mwamba wenye yakuti, ambamo kwatzi haimo kabisa. Silika, yaani silikoni na oksijeni zinazounda kwatzi, ikipungua, rutaili hubeba zirkoniamu kupita kiasi na fomula hutia chumvi. Amepata 900 na kitu, na anaitangaza kila kikao.