Jinsi sindano kavu ilivyotuliza maumivu ya bega langu
Maumivu ya bega yaliyonipanda hadi shingoni yalitokana na kifundo kigumu katika msuli wa trapezi (msuli mpana wa shingo, bega na mgongo wa juu), ambacho mtaalamu wa fiziotherapia hapa Nairobi alikitambua kwa kukibonyeza kwa kidole gumba. Kukandwa na vidonge vilinipa nafuu ya muda tu.

Alinitibu kwa sindano kavu, yaani sindano nyembamba isiyo na dawa yoyote, ambayo huingizwa moja kwa moja ndani ya kifundo hadi msuli ushtuke wenyewe, kisha ulegee. Daktari Karel Lewit wa Chekoslovakia aliandika kuhusu nafuu ya namna hii mwaka 1979. Mshtuko huo unauma kwelikweli, ingawa hupita upesi. Bega lilibaki na uchungu hadi kesho yake, kisha nikaweza kugeuza shingo bila shida.

Kwa kuwa sindano ikizama mno eneo hilo inaweza kutoboa pafu, nawasihi wenzangu wamwendee mtaalamu aliyesomea tiba hii, anayefungua sindano mpya mbele ya mgonjwa. Kilichozuia kifundo kurudi ni mazoezi ya kuimarisha mgongo wa juu, pamoja na kuinua kompyuta yangu ifikie usawa wa macho.