Hukuwa na Wimbo Wako?

Kitinda mimba wetu ameposwa. Barua imeletwa, imesomwa, imejibiwa, mahari imetajwa na wazee wameafikiana. Picha anazo mama mdogo, mwombeni yeye. Mimi nimebaki na maneno machache yaliyosemwa sebuleni tukisubiri pilau ishuke jikoni, na hayataki kunitoka.

Kati ya wageni alikuwemo mdogo wake bwana harusi, kijana mwenye adabu zake. Akaliona gitaa la besi la Baba pale ukutani, mnalijua.

"Mzee, kumbe ulikuwa mwanamuziki?"

"Nilikuwa bendini, ndiyo."

"Uliimba wimbo gani, tuutafute sasa hivi?" Simu ameshaishika.

"Sikuimba, mwanangu. Nilipiga besi."

"Aa. Kwa hiyo hukuwa na wimbo wako?"

Baba akakaa kimya kidogo. "Sikuwa nao," akasema, akamsogezea sahani ya sambusa. Kijana akarudisha simu mfukoni.

Hakuna aliyemtukana mwenzake. Lakini tangu siku ile namjibu yule kijana ndani ya daladala, namjibu nikiosha vyombo, namjibu usiku nikiwa zamu mitamboni. Na kila nikimjibu, linabaki lile "sikuwa nao" la Baba, alilolisema kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama ana chenji.

Limekutana na kazi yangu ya redioni, ndiyo maana limeniota moyoni. Kipindi chetu cha nyimbo za zamani Jumapili hii kilikuwa cha Harry Belafonte, yule mwimbaji wa Marekani aliyevuma kwa kalipso, muziki wa visiwa vya Karibi, na kama kawaida kupanga nyimbo na kumwandikia mtangazaji maelezo ni juu yangu. Kwa hiyo nilishinda siku nzima na sauti ya Belafonte masikioni, na nyuma ya sauti ile nikawa nasikia watu.

Mchukue Irving Burgie. Mzaliwa wa Brooklyn, mama yake mtu wa Barbados. Alipigana Vita Kuu ya Pili katika jeshi la Marekani, na aliporudi akasoma muziki Juilliard, chuo cha New York, kwa fedha za serikali walizopewa wapiganaji. Mwaka 1955 mwandishi wa riwaya William Attaway, rafiki wa Belafonte, ndiye aliyemkutanisha Burgie na Belafonte. Mwaka uliofuata ikatoka santuri ya "Calypso", nyimbo 11, na katika hizo 8 zina mkono wa Burgie. "Jamaica Farewell" ni yake. "Day-O" ilikuwa wimbo wa wapakiaji wa ndizi wa Jamaika waliofanya kazi usiku kucha wakimngoja karani awahesabie mikungu waende nyumbani, na ni Burgie na Attaway walioukata na kuushona ukawa huu tunaoujua. Santuri ile ilikaa wiki 31 kileleni Marekani. Dunia nzima inaimba, na ukiuliza wimbo wa nani, utaambiwa wa Belafonte.

Burgie huyo huyo ndiye aliyeandika maneno ya wimbo wa taifa wa Barbados, nchi ilipopata uhuru mwaka 1966. Taifa zima linasimama wima kwa maneno yake. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 95, na siku ile kazini nilipotaja habari hiyo, wenzangu waliniuliza, Burgie ndiye nani?

Hata hivyo Burgie alikuwa mtunzi, na jina la mtunzi huandikwa kwenye lebo, na fedha za hakimiliki humfuata. Yule kijana angempata kwenye simu yake. Wanaoniuma mimi ni wale ambao hata lebo haiwatambui. Millard Thomas alishika gitaa pembeni ya Belafonte tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Msikilize anavyompisha mwimbaji avute pumzi, halafu anamrudisha mahali pake. Ralph MacDonald, mtoto wa mwimbaji wa kalipso kutoka Trinidad, aliingia katika bendi ile akiwa na miaka 17 kupiga mapipa ya chuma, akakaa karibu miaka kumi. Na Jonas Gwangwa, mpiga tromboni wa Afrika Kusini! Mwaka 1965 Belafonte na Miriam Makeba walipotoa santuri yao ya pamoja, ile iliyopata Grammy mwaka uliofuata, Gwangwa ndiye aliyeipanga na kuiongoza. "Malaika" yetu imo humo, wanaiimba wote wawili kwa Kiswahili. Ubishi wa nani aliitunga, Fadhili William au Adam Salim, tumeusikia tangu utotoni na haujaisha. Lakini nani aliamua sauti ya Makeba iingie wapi na ya Belafonte ipumzike wapi, hilo sijawahi kusikia mtu analibishania.

Kuna kisa ambacho Belafonte mwenyewe alipenda kukisimulia. Mwaka 1949, kijana asiyejulikana, amepewa nafasi ya kuimba wakati wa mapumziko katika ukumbi wa Royal Roost, New York. Alitegemea mpiga kinanda tu, Al Haig. Anajiandaa kuanza, anamwona Tommy Potter anachukua besi, Max Roach anakaa kwenye ngoma, na Charlie Parker anapanda na saksafoni yake. Mabingwa wa jazi wa zama zile, hakuna aliyewatuma, wamepanda kumsindikiza mtoto wa watu asiaibike. Nilipofika hapo katika maelezo yangu, nikaacha kuandika. Nilimwona Baba.

Maana katika bendi yao mtunzi alikuwa anakuja mazoezini na maneno na sauti kichwani, basi. Dibaji, vituo, mahali pa kuchangamka, vyote vilizaliwa palepale kati ya magitaa, dramu na tumba. Ule mlio wa besi unaoanza kabla mtu hajafungua mdomo, ule unaowafanya wazee wasimame hata harusini, aliutafuta Baba kwa vidole vyake. Redioni likasomwa jina la bendi. Kijana, unaniambia hakuwa na wimbo?

Nilikuwa na hasira hizo nilipokwenda kwake Alhamisi na spika yangu ndogo. Nikamwekea "Matilda", ile ya Carnegie Hall, Aprili 1959. Inazidi dakika 10, kwa sababu Belafonte anaacha kuimba akaanza kuuchezesha ukumbi, anawaimbisha hawa, anawatania wale. Muda wote huo Norman Keenan yuko kwenye besi, hatikisiki. Mkono wa kushoto wa Baba ukaanza kutembea pajani. "Huyu anajua kungoja," akasema.

Nikamuuliza, "Baba, yule kijana siku ile alikuumiza?"

"Kijana gani?"

Nikamkumbusha.

"Aa, yule. Mbona ameuliza vizuri. Wenzake hawaulizi kabisa."

Kisha akaanza kusimulia, naye si msemaji, mnamjua. Akasema jukwaani alikuwa anatazama kisigino cha mwimbaji. Kisigino kikipanda, anataka kibwagizo kirudiwe. Kikilala, amechoka, wafunge wimbo. "Watu ukumbini walimwona uso. Mimi nilimjua kwa kiatu." Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia mwimbaji wao aliwahi kuja na viatu vipya vya soli nene, usiku mzima bendi ikapotea, hawajui amalize wapi.

Miaka yote hii sikuwahi kusikia habari ya kiatu. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, na Jumapili mtangazaji wetu aliyasoma majina yote niliyomwandikia, Keenan na Thomas na Gwangwa, polepole, kama nilivyomwomba.

Nimeanza kuandika na ya kina Baba. Mpiga rizimu, mpiga dramu, wa tumba, wapuliza tarumbeta wawili, waitikiaji. Sitayaweka hapa mpaka niongee na familia zao. Yupo aliyekuwa anapiga marakasi, wa Tanga, Baba anakumbuka jina lake la utani na shati lake la maua, jina la nyumbani halikumbuki. Kama kuna msomaji mwenye mzee wa Tanga aliyewahi kupiga marakasi Dar es Salaam miaka ya sabini, niandikie tafadhali.

Halafu jana usiku, nikikagua begi la mwanangu nitafute daftari la hisabati, nimekuta hela zake za chakula cha mchana, za wiki nzima, zimekunjwa vizuri ndani ya soksi. Nimemuuliza anakula nini shuleni, akasema hasikii njaa. Na amekonda, sasa ndiyo naona. Kesho nitaomba ruhusa kazini nikamwone mwalimu wake.