Nimekutana na Bentham, kakaa kitini

Jana nimepita chuo cha UCL hapa London nikamkuta Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Kiingereza, kakaa ndani ya kabati la kioo. Si sanamu, jamani! Ni mifupa yake mwenyewe, imevishwa nguo zake na kujazwa nyasi kavu. Alifariki 1832, na aliusia mwenyewe kwamba mwili upasuliwe watu wajifunze, kisha uwekwe hivyo. Kichwa ndicho cha nta, maana chake kilipokaushwa kiliharibika, hakitazamiki. Nilirudi nyuma hatua mbili.

Huyu ndiye aliyetuhangaisha darasani: jema ni lile linaloongeza raha na kupunguza maumivu kwa watu wengi iwezekanavyo. Wazo hakulianza yeye. Mwanafalsafa Francis Hutcheson alishaligusa 1725, na mwandishi Beccaria wa Italia 1764. Bentham, katika kitabu chake cha 1789, aliligeuza mzani wa kupimia sheria: adhabu hii inamfaa nani? Hata kuhusu wanyama hakuuliza kama wanafikiri, aliuliza kama wanaumia. Hapo nampa heshima.

Anayenigusa zaidi ni mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyelelewa ndani ya mafundisho hayo, akisomeshwa Kigiriki tangu miaka 3. Alipofika 20 akajiuliza: malengo yangu yote yakitimia, nitafurahi? Moyo ukamjibu hapana, akazama kwenye huzuni. Baadaye akasisitiza kwamba raha hazilingani ubora.

Mimi nina swali langu la siku zote: wachache wanaoumia ili wengi wafurahi, nani anawafuta machozi? Nilimuuliza mzee Bentham pale pale. Kimya, kofia kichwani.