Mtoto akitetemeka kwenye dripu ya kingamwili

Wiki iliyopita nilikaa benchi moja na mama aliyetoka mbali, mtoto mgongoni, karatasi za vipimo ndani ya mfuko wa nailoni. Mwanawe ana tatizo kama la kijana wangu. Aliwekewa dripu ya kwanza ya kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopigana na vijidudu, akatetemeka mpaka kitanda kikatikisika, na mama akaapa kwamba dawa ile haitamgusa tena mwanawe. Nilizungumza naye hadi sauti ikanikauka. Naandika haya kwa ajili yake na wengine walio kama yeye.

Kijana wangu ana miaka saba na ugonjwa wake unaitwa agamaglobulinemia. Huwapata hasa watoto wa kiume, na mara nyingi hupitia kwa mama. Chembe nyeupe zinazopaswa kutengeneza kingamwili hazikomai. Kabla hatujajua, maisha yetu yalikuwa ni masikio kutoa usaha na nimonia juu ya nimonia. Sasa kila wiki nne anapewa kingamwili za watu wengine, zilizotolewa kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, ya maelfu ya wachangiaji, zikachanganywa na kusafishwa kiwandani. Hazidumu. Baada ya wiki tatu hivi nusu yake imeshatumika, ndiyo maana hatuwezi kuruka mwezi.

Kipimo ni miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo ya mtoto. Wangu ana kilo 20, hupewa gramu 10, na kwa dawa tunayotumia hiyo ni chupa ya mililita 100. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanaiona chupa ndogo, wanauliza kwa nini isifunguliwe ikamalizika upesi tukawahi daladala. Hapana! Sisi tunaanza na mililita 10 kwa saa, kwa nusu saa ya kwanza. Nesi anapima joto, mapigo na presha, na akiona mtoto yuko sawa anapandisha kidogo kidogo. Kila dawa ina karatasi yake ndani ya boksi inayoeleza kasi ya kuanzia na kasi ya mwisho. Iombeni ile karatasi.

Siku mbaya kuliko zote kwetu ilikuwa siku famasi ilipokosa dawa tuliyoizoea, tukapewa ya kampuni nyingine. Kingamwili ni kingamwili, lakini kila kiwanda kina namna yake ya kusafisha na vitu vyake vya kuihifadhi, na mwili wa mtoto unajua tofauti. Dawa ikibadilika, mtoto anahesabiwa kama ndiyo kwanza anaanza. Siku ile pampu iliwekwa kasi yetu ya zamani. Haukupita muda akaniambia, “Mama, mgongo unauma.” Kisha kichwa. Kisha meno yakaanza kugongana, mikono ya baridi, tumbo la moto. Bibi yake akasimama: “Hii degedege, mfunikeni!”

Haikuwa degedege. Mtoto alikuwa ananitazama na kunijibu. Sista akafunga dripu kwanza, maswali baadaye. Akaangalia ngozi, midomo, akasikiliza kifua. “Baba, unapumua vizuri?” Akaitikia kwa kichwa. Daktari akaja, akampa panadol na dawa ya aleji, akaagiza maji. Kutetemeka kulipotulia dripu ikaanza upya kwa kasi ya chini kabisa, na jioni chupa ikaisha. Ileile chupa, mtoto yuleyule. Hilo ndilo nililomrudia yule mama mara nyingi: sehemu kubwa ya hayo matetemeko, homa, kichwa na kichefuchefu yanatokana na kasi, na kasi hupunguzwa.

Kuna mambo mengine yanayochangia. Dripu ya kwanza maishani. Kurudi baada ya kukosa dozi kwa muda mrefu. Kuja na maambukizi ambayo hayajatibiwa, kwa sababu kingamwili zikiingia zinakutana na vijidudu vingi kwa mpigo. Kwa hiyo mwanangu akiamka na homa au kifua, nampigia daktari kabla ya kupanda gari. Na tangu jioni ya kuamkia dripu anakunywa maji na uji mwepesi, maana mtoto mkavu huumwa kichwa zaidi, na figo zake pia zinahitaji maji.

Mzio mkali ni jambo jingine kabisa. Ni nadra, lakini kila mzazi aujue: uso au midomo kuvimba, vipele vya kuwasha mwili mzima, kifua kubana, mtoto kulegea na presha kushuka. Hapo panadol si kitu. Dripu inafungwa na adrenalini inachomwa pajani palepale. Mimi huuliza kabla hatujaanza, “Sista, adrenalini iko wapi leo?” Wengine walinuna mwanzoni. Sasa wananionyesha bila kuulizwa.

Mkifika nyumbani bado kazi haijaisha. Kichwa kinaweza kuuma hata siku ya pili au ya tatu. Kikiwa kikali, shingo ikakaza, mtoto akakimbia mwanga, rudini hospitali, kwani utando wa ubongo unaweza kuwaka kwa sababu ya dawa yenyewe, na daktari lazima ahakikishe si maambukizi. Na homa ya kesho yake msiiite “homa ya dripu” mkalala. Huku kwetu kuna mbu. Apimwe malaria.

Nina daftari la kaunta. Kila dripu naandika jina la dawa, namba ya bechi iliyo kwenye chupa, uzito wa mtoto, na kasi iliyokuwapo alipoanza kulalamika. Daktari mpya akija namfungulia ukurasa.

Kuna njia nyingine ya kupewa dawa hii, kwa sindano ndogo chini ya ngozi, kila wiki au kila wiki mbili, hata nyumbani. Ngozi huvimba na kuwa nyekundu pale ilipochomwa kwa siku moja au mbili, lakini homa na matetemeko ya mwili mzima hupungua sana. Si jambo jipya: mwaka 1952 Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani, alipoeleza ugonjwa huu kwa mvulana wa miaka minane, alimtibu kwa kumchoma kingamwili chini ya ngozi kila mwezi. Nimemuuliza daktari wetu. Anasema kijana anafaa kabisa, ila dawa ya aina hiyo hatujaipata, na kwa sasa tunaendelea na mshipa. Yule mama amekubali kurudi mwezi ujao. Tumepanga tarehe moja, nikae naye.