Kidole cha Popi

Popi alikuwa mbwa koko wa Tabata, mgongo mrefu, miguu mifupi. Watoto wa jirani walimwita Benchi. Asubuhi moja ya masika, mwaka 2019, nilimkuta uani anajikokota, miguu ya nyuma ikiburuzika.

Bajaji mbili zilikataa kutupakia. Wa tatu akatandika gunia, akataka nauli mara mbili.

Daktari wa mifugo alianza kumfunua ufizi, akamtoa damu aiangalie kwa darubini. Mbwa wa Dar akianguka, mshukiwa wa kwanza ni kupe. Damu haikuwa na neno. Eksirei ikaonyesha pingili zote nzima.

"Hapa tunaona mifupa tu," akasema. "Nahisi ni diski, ule mto laini kati ya pingili, imechomoza, inabana neva za ndani. Kuiona vizuri ni MRI, picha ya mashine inayoonyesha hata vilaini vya ndani."

Nikamtumia ujumbe dada yangu aliyeko Uingereza. Jibu hapo hapo: "Apigwe MRI! Hela natuma." (Dada huyu hajamwogesha Popi hata siku moja.) Nami nilitaka. Nilijiona nikisita nitakuwa nimembania mbwa wangu.

"Tukiiona hiyo diski, utampasua?" daktari akauliza. "Maana picha ile ni ramani ya mpasuaji. Na lazima apigwe nusu kaputi ndiyo atulie mashineni."

Sikuwa na jibu. Akachukua koleo, akambana kidole cha mguu wa nyuma. Mguu ukajivuta. Nikashangilia.

"Bado, mama. Mguu unaweza kujivuta mwenyewe, mbwa hana habari. Mimi namtazama usoni."

Akabana tena, kwa nguvu. Popi akageuka, akalia, nusura amng'ate. Daktari akacheka kwa mara ya kwanza.

"Anasikia! Asingesikia, tusingekaa hapa kujadiliana. Ningekwambia leo hii hii tafuta mpasuaji."

Tukarudi na dawa za maumivu na kifungo cha wiki sita. Fundi seremala wa mtaani alinigongea kizimba cha mabanzi, akiniuliza kila dakika kama kweli ni cha mbwa mmoja. Kwenda kujisaidia nilimpitishia kanga chini ya tumbo, nikamnyanyua nyuma, tunatembea kama wabeba machela. Dada alininunia siku nne.

Wiki ya tatu, tukiwa nje, kanga ikalegea mikononi mwangu. Popi alikuwa amesimama. Akayumba, akainua mguu, akakikojolea kizimba.

Nikampigia dada kwa video.

"Kwa hiyo ilikuwa diski?"

Nikamgeuzia simu amwone Popi.