GPS haipandishi ndege: kuondoka Luano ndani ya mawingu

Masika yakishika Lubumbashi na mawingu yakashuka juu ya Luano, uwanja wa ndege wa mji huo, macho ya rubani huganda kwenye ule mstari wa waridi wa skrini ya GPS, unaoonyesha njia. Mstari huo unajua kushoto na kulia tu. Kupanda ni juu yako.

Andaa kifaa ndege ikiwa bado imesimama. Kwenye GTN au GNS, vifaa vya GPS vya Garmin, FZQA (msimbo wa Luano) iwe nukta ya kwanza ya mpango wa safari, la sivyo sindano ya CDI, inayoonyesha umetoka kiasi gani kwenye njia, inaweza kubaki kwenye kipimo cha safari ya mbali badala ya maili 1 ya baharini kila upande. Bonyeza PROC (kitufe cha taratibu), chagua utaratibu wa kuondoka, kisha njia ya kurukia. Ukiwa umepakia njia 07 na mnara ukakupa 25, yaani upande wa pili, pakia upya. Kipande cha kwanza cha utaratibu hakijirekebishi. Linganisha nyuzi za mwelekeo na umbali wa kila kipande na karata (ramani) ya utaratibu huo. Utaratibu ulioandikwa kwa maneno tu mara nyingi haumo kwenye hifadhidata, hata kama umeisasisha kwa mzunguko wake wa siku 28.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni kipande cha “panda hadi futi kadhaa, kisha geuka”. Kifaa kisichopata urefu uliorekebishwa kwa shinikizo la siku hiyo hakijui umefika. Kitaandika SUSP (kimesimamisha kufuata vipande) na kungoja, nawe unazidi kwenda moja kwa moja. Soma altimita, futi zikitimia ondoa SUSP kwa mkono wako (kwenye GNS ni kitufe cha OBS), ndipo ugeuke.

Sasa hesabu. Mpando wa kawaida ni futi 200 kwa kila maili ya baharini. Karata ikidai 350, nawe unakwenda maili 120 za baharini kwa saa juu ya ardhi, unahitaji futi 700 kwa dakika. Tumia kasi ya ardhini inayoonyeshwa na GPS, si ya saa ya hewa (kipima kasi cha ndege): Luano iko karibu futi 4,300, na kwenye nyuzi 30 za joto injini inahisi kama iko 7,100. Saa ikisoma 110, kasi halisi ni kama 122, huku nguvu ya kupanda imepungua.

Kitufe cha D yenye mshale (nenda moja kwa moja) usikiguse kwa haraka. Kinachora mstari mpya kutoka hapo ulipo, bila kujali mlima. Goma, mstari wa namna hiyo kuelekea kaskazini unaweza kukupeleka Nyiragongo, mita 3,470. Ukitaka kurudi kwenye njia iliyochapishwa, fungua mpango, chagua kipande chenyewe, ukiwashe.