Hamsini za Nini? Mimi, Mama na Teksi za Unguja

Goti la mama ndilo lililotuingiza kwenye habari za teksi. Bila goti lile tungepanda daladala kama watu wengine, na leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Mama alikuwa na hamu ya kuiona Unguja tangu mimi sijazaliwa. Desemba 2019 nikapata likizo, akashuka kutoka Singida kwa basi, akapumzika kwangu Dar siku mbili, ya tatu tukapanda boti ya asubuhi. Mwendo wa kama saa mbili, bahari shwari, mama akasinzia. Mpango ulikuwa siku nne Jambiani, pwani ya kusini-mashariki, kisha usiku mmoja Mji Mkongwe, halafu turudi. Vyumba nilikuwa nimeshavilipia. Usafiri wa huko sikuufikiria hata kidogo. Mtu wa Dar tumezoea kuita gari kwa simu, bei unaiona kabla hujanyanyua mguu. Tulipoteremka Malindi, bandari ya Unguja mjini, nikafungua simu. Gari hata moja halikutokea.

Waliotokea ni watu. "Dada, Nungwi? Dada, Paje? Teksi hapa, teksi hapa!" Kijana mmoja kufumba na kufumbua keshalichukua begi la mama, anakwenda nalo, na sisi tunalifuata begi letu kama kondoo. Vijana hawa, wenyeji huwaita mapapasi. Baadaye nilipomtajia mama jina hilo alicheka mpaka akakohoa, maana yeye papasi anayemjua ni yule mdudu wa kwenye nyufa za nyumba za udongo, anayejificha mchana na usiku akatoka kunyonya.

Papasi akatukabidhi kwa dereva, mtu wa makamo, kofia kichwani, mpole wa maneno.

"Jambiani bei gani, kaka?"

"Hamsini, dada."

Nikapiga hesabu ya haraka. Elfu hamsini, kilomita hamsini na kitu, jua la saa nne limeshakuwa kali, na mama amesimama kwa mguu mmoja. Nikasema arobaini. Akasema hamsini, msimu huu. Nikaona nisimchoshe mama kwa elfu kumi. Tukapanda.

Njiani ilikuwa raha tupu. Tulipita Bungi chini ya ile miembe mikubwa iliyoinamia barabara, mama akafungua kioo akaingiza upepo wote ndani. Tulipofika msitu wa Jozani dereva akapunguza mwendo, akamweleza mama habari za kima punju, kwamba hawapatikani popote duniani isipokuwa visiwa vya Zanzibar. Mama akamuuliza watoto wangapi. Wanne. Kabla hatujafika njia panda ya Kitogani alikuwa anamwita mwanangu.

Kwenye lango la nyumba ya wageni nikatoa noti tano za elfu kumi. Dereva akazitazama kama nimempa majani.

"Dada, hii nini?"

"Hamsini."

"Hamsini dola, dada."

Dola moja siku zile ilikuwa kama shilingi 2,300. Ina maana alikuwa anataka 115,000. Nikamwambia mimi Mtanzania, wewe Mtanzania, tumezungumza Kiswahili tangu Malindi, hiyo dola imepandia kituo gani? Yeye naye akapandisha sauti. Bei ya Jambiani kila mtu anaijua, na kama nilitaka bei ya daladala, basi daladala zipo Darajani, nambari 309, ningekwenda kupanda. Watu wakaanza kuchungulia. Mama amekaa ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja nje, anatuangalia kwa zamu kama anaangalia watoto wake wawili.

Akatoka mlinzi wa pale, mzee wa Kimakunduchi, polepole, akatusalimia kwanza wote mmoja mmoja. Hakuuliza nani mkosa. Aliuliza neno moja tu: "Mlipatana vipi?" Tukajibu pamoja, "Hamsini." Akauliza, "Hamsini za nini?" Hapo tukanyamaza wote wawili.

Mzee akaamua elfu sabini. Dereva akanung'unika, akapokea. Mama akamwambia safari njema mwanangu, na kwa nusu saa nzima nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia dereva.

Mpaka leo siwezi kuapa kwamba yule baba alinitapeli. Abiria wengi anaowabeba hulipa kwa dola, na inawezekana kabisa kichwani mwake ile hamsini ilikuwa dola tangu mwanzo. Inawezekana pia aliona nimekosea, akaniacha nikosee. Ninachojua ni kwamba neno lile lilikuwa na nafasi ya kutosha watu wawili kuingia kila mmoja na maana yake, na mimi ndiye niliyeacha mlango wazi.

Kesho yake mama akataka kuwaona hao kima. Safari hii sikwenda kwa dereva. Nilikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi kando ya barabara ya kijiji, nikanunua ya elfu moja, nikakaa kwenye kigoda chake tukala stori. Kwanza nilimuuliza teksi ya mjini ni bei gani. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba, akasema, "Inategemea mwanangu, wengine hamsini, wengine arobaini." Za dola, bila shaka. Nikabadili swali. Nikamuuliza: "Mama, wewe mwenyewe ukiwa na mgonjwa usiku, ukakodi gari kumpeleka mjini, unatoa ngapi?" Hapo hakuwa na haja ya kufikiri. Elfu arobaini. Thelathini kama ni jirani na akiona huruma.

Swali hilo nimelitumia kila mahali tangu siku ile, hata Arusha, hata Bagamoyo. Ukiuliza bei ya teksi unapewa bei ya mgeni anayeuliza bei ya teksi. Ukiuliza mtu anavyolipa yeye akiwa na shida, anakupa bei ya maisha yake. Si kwamba utapata hiyohiyo, mimi sikuwa jirani wala sikuwa na mgonjwa. Lakini unajua sakafu iko wapi, unaacha kuelea.

Kuna jambo jingine nililojaribu, nalisema kwa aibu. Nilijaribu kusema kama wao. Nikamkuta kijana amekaa juu ya boneti ya gari yake, nikamwambia, "Yakhe, mwenda mjini leo?" Alicheka mpaka akashuka kwenye boneti. "Dada, wewe wa bara wapi?" Nikasema Dar. "Kabla ya Dar?" Nikasema Singida. Basi tukacheka wote, na nadhani kicheko kile kilipunguza bei kuliko lafudhi yangu ambavyo ingepunguza.

Huyu kijana ndiye aliyekuja kutuendesha siku zote zilizobaki. Tukapatana Jozani kwenda na kurudi. Kisha nikafanya kilichomshangaza: nikiwa nimesimama mbele yake nikamwandikia ujumbe wa simu. Kesho saa 2 asubuhi, Jambiani mpaka Jozani na kurudi, gari zima, watu 2, kusubiri saa 2, shilingi 45,000. Simu yake ikalia mfukoni, akausoma, akanitazama. "Hata 'gari zima' umeandika?" Ndiyo, kwa sababu niliwasikia vijana wa Kihispania pale nyumba ya wageni wakilalamika kwamba walipatana bei, kufika wakaambiwa ilikuwa kwa kila kichwa. Akajibu: Sawa dada. Neno hilo moja likakaa kwenye simu yangu, na hatukuzungumza tena habari ya pesa mpaka tuliporudi.

Na kwa kuwa pesa haikuwa kati yetu tena, tukazungumza mengine. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza hesabu ilivyo. Gari si yake. Tajiri yuko mjini, anataka elfu thelathini kila siku, abiria wawepo wasiwepo. Mafuta juu ya dereva. Akipakia Malindi, papasi aliyemleta abiria ana chake. Abiria akiitiwa gari na mtu wa mapokezi ya hoteli, mtu wa mapokezi ana chake. "Kwenye zile dola hamsini," akaniambia, "kumi wakati mwingine inabaki bandarini gari haijawashwa." Akimshusha mgeni Jambiani, mara nyingi anarudi mjini mtupu, kwa hiyo safari moja unamlipa mbili. Halafu kuna masika, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli hufunga kabisa, lakini hesabu ya tajiri haifungi.

Nilinyamaza kidogo. Ile elfu sabini niliyoipigania langoni, ukitoa ya papasi na ya tajiri, sijui yule baba wa watoto wanne alibaki na ngapi. Sisemi kwamba ningelipa dola. Nasema nilikuwa nimegombana na mtu wa mwisho kwenye foleni ndefu, na wengine wote walikuwa wameshapokea chao wakaondoka.

Faida ya kulijua hili ilikuwa ya mkono pia. Tangu hapo sikuita gari kwa kupitia mtu. Nilipiga simu moja kwa moja kwa kijana, na ile sehemu ya wapokeaji wa katikati tukagawana: yeye alipata zaidi ya alichobakiwa nacho kwa papasi, mimi nilitoa pungufu.

Jozani penyewe mama aliketi chini ya mti, kima wakaruka juu ya kichwa chake, hakutaka kuondoka. Pale mapokezi tiketi zilikuwa na bei mbili, ya mwananchi na ya mgeni wa nje. Mzungu aliyekuwa mbele yetu alilipa mara kadhaa zaidi yetu na hakugomba na mtu, akachukua tiketi yake akaenda zake. Nimelifikiria sana jambo lile. Watu husema wageni wanachukia kulipa zaidi. Yule alilipa zaidi huku anatabasamu, maana bei yake aliikuta imeandikwa kabla hajafika.

Siku ya kuondoka Jambiani tukapatana siku nzima, elfu themanini, tupitie mashamba ya viungo Kizimbani ndipo tuingie mjini. Ujumbe nikaandika, akajibu sawa dada. Lakini ya kuandika hayaishi. Tulipotoka shambani akasema, "Tupite duka moja tu, dakika kumi." Nikamwambia, "Kuna chako pale, eeh?" Akacheka, akakiri: mgeni akinunua, naye anapewa kitu. Nikampa dakika kumi kweli. Mama akapewa kiti kivulini, tukanunua karafuu za elfu tatu ambazo sokoni Darajani pengine tungezipata kwa pungufu, nikamwambia hiyo ndiyo bakshishi yako ya leo, usitegemee nyingine. Wageni wengine hukasirika wakipelekwa dukani bila kuulizwa, na wana haki. Mimi niliona afadhali kuiweka mezani kuliko kuibeba moyoni mpaka mjini.

Mji Mkongwe nilikuwa nimeshajifunza kuuliza. Mwenye nyumba tuliyofikia alikuwa ameniambia kwa simu kwamba teksi itatuleta mpaka mlangoni. Nikamuuliza kijana. "Mlangoni haifiki dada, vichochoro vile hata toroli linapita kwa shida. Ntawashusha Mkunazini, halafu hatua kama mia mbili." Kwa mtu mwenye magoti mazima hatua mia mbili si kitu. Kwa mama zilikuwa safari. Kijana akafunga gari, akabeba begi begani, akampa mama mkono, wakatangulia wakisimama kila palipo baraza. Mama anasema hizo ndizo baraza zilizojengwa na mtu mwenye akili.

Jioni tukaenda Forodhani, mama akala urojo mabakuli mawili.

Asubuhi ya kurudi kijana alikuwa keshapata abiria wa kwenda Paje, nikafurahi kwa ajili yake. Tukachukua teksi ya hapo karibu mpaka Malindi, elfu tano, gari zima, shilingi, yote yakasemwa kwa sauti mbele ya wenzake. Dereva akaniuliza kama mimi ni mwanasheria.

Bandarini mahamali wakatuzunguka na matoroli. Mimi nilikuwa natafuta tiketi kwenye mkoba, begi moja liko chini, jingine kwapani, jua linachoma. Nikasikia hamali anamwambia mama, "Elfu mbili tu bi mkubwa, mpaka ndani." Nikataka kusema sawa, tumalize, boti itatuacha. Mama akaninyanyulia kiganja ninyamaze. Akaegemea toroli, akamtazama yule kijana kwa upendo kabisa, kama alivyomtazama yule wa siku ya kwanza.

"Elfu mbili mabegi yote mawili, mwanangu, au kila moja? Na ni za shilingi?"